Askari Aliyenyimwa Nishani



Vijana wetu waliozaliwa huku Ujerumani hutuuliza mara kwa mara namna ya kumtafuta babu aliyepigana katika vita vya 1914 hadi 1918, ambaye nyumbani husemwa kwamba alitunukiwa nishani. Maofisa wameandikwa vitabuni, askari wa kawaida hakuandikwa. Tumeonelea tumweleze mmoja aliyeacha nyayo katika makaratasi, naye ni mwenzetu, kwani aliishi Berlin na kufia katika nchi hii.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Katika makaratasi ya Berlin ni Bayume Mohamed Husen. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2013 inamwita Majub. Asiyeyajua majina haya atadhani ni watu watatu. Basi kabla ya kwenda popote, waulize wazee majina yote ya babu yako, na lile la kikosini pia. Baba yake Husen alikuwa askari mwenye cheo cha efendi, neno lililotuzalia "afande". Vita vilipoanza, baba na mwana waliingia jeshi la Wajerumani, mwana akiwa na umri wa miaka kumi tu. Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, huko Lindi, akawa mateka wa Waingereza.

Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kuwa amechelewa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Mwaka 1934 serikali ilitangaza nishani ya heshima kwa waliopigana vita vile, na hata wajane na wazazi wa waliokufa walipewa. Husen akaomba, akanyimwa. Lakini aliivaa pamoja na sare ya askari. Inadhaniwa alivinunua vyote kwa wauzaji wa vifaa vya kijeshi. Kwa hiyo, kijana, nishani uliyoikuta sandukuni si ushahidi kamili, wala kukosekana kwake si ushahidi kwamba babu hakupigana.

Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst alitoa kitabu juu ya maisha yake mwaka 2007, na jina la kitabu hicho maana yake ni "mwaminifu hadi kufa". Hao "askari waaminifu" wamesifiwa sana na Wajerumani. Mimi naona zaidi mtu aliyeshika hesabu yake na asiyekubali ifutwe. Na tazama ajabu yake: kila alipoomba akakataliwa, karatasi ilibaki. Angalilipwa siku ile ya kwanza, akapanda meli kurudi kwao, pengine leo tusingalijua hata jina lake. Ndiyo maana nawashauri watafutaji wasianzie kwenye orodha za waliotunukiwa, bali kwenye madai, maombi na malalamiko. Majalada ya ofisi ya makoloni yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani, mjini Berlin. Ya wizara ile yamo katika hifadhi yake yenyewe, Berlin hapo hapo. Na mengine ya utawala wa Kijerumani yako Dar es Salaam. Ambaye babu yake alikuwa Keya, upande wa Waingereza, na aitazame nishani ubavuni: zile za vita vya 1914 hadi 1918 zilichorwa namba na jina la askari. Za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina.

Husen alikamatwa na Gestapo mwaka 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, uliokatazwa na sheria za rangi za Wanazi. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna kijiwe chenye bamba la shaba na jina lake katika njia ya miguu, mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße, Berlin. Ni kidogo, hutakiona usipoinama.