Buibui wa Uzi na Boga la Uzi

Huenda una mtoto, ndugu au jirani anayeishi Marekani. Mwezi wa Oktoba ukifika anakutumia picha ya nyumba yake kwa simu. Unaitazama, unashtuka. Mlangoni kuna buibui mweusi, mkubwa kama bakuli. Dirishani vimening'inia vitu vyeupe kama mizimu. Barazani yamepangwa maboga yenye macho na meno. Unajiuliza, "Jamani, mwanangu kaingia mambo gani huko?"

Tulia kwanza. Yule buibui ni uzi wa kufumia sweta. Tena huenda aliyemtengeneza ni mjukuu wako mwenyewe, akisaidiwa na mama yake. Leo tutaeleza sikukuu hiyo ni nini, halafu tutaeleza mapambo yake ya uzi yanavyotengenezwa.

SIKUKUU GANI HII?

Inaitwa Halloween. Huwa tarehe 31 Oktoba kila mwaka. Maana ya jina hilo ni mkesha wa Watakatifu Wote, kwa sababu kesho yake, tarehe 1 Novemba, Wakristo wengi huwakumbuka Watakatifu Wote. Lakini ndani yake zimo mila za zamani zaidi, za watu wa Ireland na Scotland. Wao walikuwa na sikukuu ya mwisho wa mavuno, iliyoitwa Samhain. Mavuno yamekwisha, baridi inaanza, usiku unarefuka. Waliamini kwamba wakati huo roho za wafu hutembea. Huko ndiko mizimu ya dirishani ilikotoka.

Baadaye watu wa Ireland walikuwa na desturi ya kuchonga tanipu, yaani mzizi mkubwa wa mviringo unaoliwa, na kuweka mwanga ndani yake. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba yao ya viazi. Njaa kubwa ikafuata. Watu wengi sana walihamia Marekani, nao walikwenda na mila zao. Huko walikuta maboga. Boga ni kubwa, tena kulikomba ni rahisi kuliko tanipu. Basi boga likashika nafasi ya tanipu mpaka leo.

Siku hizi watoto wa Marekani huvaa nguo za kuigiza, wakapita nyumba kwa nyumba jioni kuomba peremende. Si watu wote wanaoipenda sikukuu hii. Wapo wanaoikataa kwa ajili ya dini yao. Mzazi wa namna hiyo anaweza kuzungumza na mwalimu, mtoto wake akatengeneza maboga na majani ya miti tu, yaani mambo ya mavuno. Sisi tunaona huo ni utaratibu mzuri. Kutisha watu wazima ni mchezo, lakini mtoto wa miaka mitatu atakayeota mizimu usiku hana mchezo hapo.

BUIBUI

Kwa nini uzi? Oktoba huko ni mwanzo wa baridi. Wanaofuma huanza kufuma kofia na sweta, na vipande vya uzi hubaki. Mapambo ya dukani ni ya plastiki na yanataka fedha. Vipande vya uzi vimo kikapuni tayari.

Chukua karatasi ngumu ya boksi, upana wake vidole vinne. Zungushia uzi mweusi mara 80. Hapa mwachie mtoto azungushe na kuhesabu kwa sauti. Vua uzi wote polepole bila kuuvuruga. Ufunge katikati kwa uzi imara, ukaze sana. Sasa kata vitanzi vya pande zote mbili kwa mkasi. Nyuzi zitachanua, utapata donge la manyoya kama lile linaloshonwa juu ya kofia ya mtoto mchanga. Lipunguze kwa mkasi mpaka liwe mviringo.

Neno "ukaze sana" usilipite haraka. Sisi tulijaribu wenyewe kabla ya kuandika habari hii. Mara ya kwanza tulifunga legelege. Tulipokata vitanzi, uzi wote ulimwagika mezani, na mtoto aliyekuwa amehesabu mpaka 80 akatutazama tu. Ikabidi aanze tena moja, mbili, tatu. Afadhali watu wawili wafunge: mmoja abane katikati kwa vidole, mwingine apige fundo.

Miguu je? Chukua vipande vinne vya waya laini, kila kimoja urefu wa shubiri. Viweke pamoja, uvifunge katikati chini ya donge. Vitanue na kuvikunja. Vipande vinne vyenye ncha mbili mbili ni miguu minane, na buibui wa kweli anayo minane. Ukiona mdudu mwenye miguu sita, huyo si buibui. Mtoto akimaliza kazi hii amejifunza hesabu na habari za viumbe.

Utando wake ni rahisi. Pishanisha vijiti vitatu, uvifunge katikati, upate mikono sita. Anza katikati kwa uzi mweupe. Zungusha uzi mara moja kwenye kijiti, nenda kijiti kinachofuata, zungusha tena. Kila duara likimalizika, sogea nje upana wa kidole. Kazi hii inamfaa mtoto wa miaka saba na zaidi, na hata babu aliyekaa barazani.

BOGA

Finyanga magazeti ya zamani yawe mpira (lakini si gazeti hili kabla hujalisoma). Zungushia uzi wa rangi ya chungwa kutoka juu kwenda chini mpaka karatasi isionekane. Kisha chukua uzi mnene, uupitishe juu na chini mara nne, ukiukaza. Kila mzunguko unaacha mistari miwili, basi boga litagawanyika vipande vinane kama boga la shambani. Chomeka kijiti juu kiwe kikonyo.

MOTO NA NDEGE

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo watu wazima wasiwaachie watoto. Katika sikukuu hii watu huwasha mishumaa ndani ya maboga, na uzi unaning'inia karibu. Uzi wa pamba hushika moto upesi sana. Uzi wa akriliki, ule wa kiwandani wa bei nafuu, huwaka na kuyeyuka, na ukiyeyuka hunata kwenye ngozi. Sufu ya kondoo hushika moto kwa shida, lakini nayo isiwekwe karibu na mshumaa.

Hujui uzi wako ni wa aina gani? Mtu mzima akate kipande kifupi, akishike kwa koleo juu ya sahani yenye maji, akichome. Kikinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Kikinuka karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Kikiacha kidonge kigumu cheusi, ni cha kiwandani. Huko Marekani watu wengi sasa huweka taa ndogo za betri ndani ya maboga badala ya mishumaa. Tunawaunga mkono.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na uzi mrefu, maana unaweza kujizungusha shingoni. Mkasi na waya avishike mkubwa.

Watu wengine hutandaza nyuzi nyembamba kwenye vichaka ili zifanane na utando wa kweli. Ndege na nyuki hunaswa humo, wakafa. Utando wa uzi mnene unaofungwa kwenye vijiti ni afadhali, tena uwekwe ndani ya nyumba au mlangoni.

Sikukuu ikipita, mapambo hushushwa. Buibui hafumuliki tena kwa sababu uzi wake umekatwa, kwa hiyo huwekwa kwenye boksi kungoja mwaka ujao. Lakini boga na utando hufumuliwa, uzi ukaviringwa upya, na mwezi wa Novemba uzi ule ule wa chungwa unaweza kuwa soksi ya mtoto aliyeuzungusha.