Mkulima wa mlimani atalipwa na nani?

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MVUA kubwa inapopiga vilima vya Mirwa, wakazi wa Bujumbura hupata habari hata kabla tone halijaanguka mjini. Mto Ntahangwa hugeuka mwekundu, hubeba magogo na mawe, na kuzila kingo zake kidogo kidogo. Nyumba zilizojengwa mbali na maji miaka iliyopita, leo zinaning'inia ukingoni.

Hakuna aliyesahau usiku wa Februari 9, 2014. Maji na matope yalishuka kutoka milimani yakavamia mitaa ya kaskazini mwa jiji, ikiwemo Kamenge na Kinama. Watu zaidi ya 60 walikufa na maelfu wakabaki bila makao.

Udongo ule ulitoka mashambani. Huko juu, familia nyingi hulima vipande visivyofika nusu hekta, kwenye miteremko mikali, na kila shubiri ya ardhi ina muhogo, maharage au migomba. Wataalamu humshauri mkulima huyo achimbe mitaro ya kukinga maji, apande majani ya kushika udongo na aache miti isimame. Ushauri ni mzuri, lakini una gharama. Mstari wa majani ni mstari mmoja wa maharage uliopotea. Anayepoteza ni yeye, na anayefaidika ni mtu wa Buyenzi au Ngagara asiyemjua kwa sura.

Hapo ndipo linapoingia wazo la kulipia huduma za mazingira. Msitu na shamba lililotunzwa vizuri hufanya kazi: huchuja maji, hushika udongo na kupunguza nguvu ya mafuriko. Anayenufaika na kazi hiyo amlipe anayeifanya, kama vile tunavyomlipa fundi wa bomba.

Wazo hili si geni duniani. Costa Rica ilianza kuwalipa wenye misitu mwaka 1997, ikitumia sehemu ya kodi ya mafuta ya magari. Lakini si lazima tuvuke bahari kutafuta mfano.

Nchini Tanzania, mradi ulioanza mwaka 2006 chini ya mashirika ya CARE na WWF uliwafikia wakulima wa Kibungo Juu, katika milima ya Uluguru. Mito ya huko huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo huinywesha Dar es Salaam. Shirika la maji la jiji hilo, DAWASCO, pamoja na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, walikubali kuwa wanunuzi, na wakulima wakalipwa kwa matuta na miti.

Nchini Kenya, watumiaji wa maji wa Ziwa Naivasha, wakiwemo wakulima wakubwa wa maua, walianza mwaka 2010 kuwalipa wakulima wadogo wa nyanda za juu wanaozuia udongo usiingie mtoni. Malipo yalitolewa kwa hati za kununulia pembejeo. Nako Gazi, Pwani ya Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko tangu mwaka 2013, na fedha zinasaidia shule na maji ya kijiji.

Je, malipo haya yanafanya kazi kweli? Jibu zuri lilitoka Uganda. Kati ya mwaka 2011 na 2013, wenye misitu katika vijiji vya Hoima na Kibaale waliahidiwa Sh70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wasipokata miti. Vijiji vingine vya jirani havikupewa ahadi hiyo, ili matokeo yalinganishwe. Katika miaka miwili, vijiji visivyolipwa vilipoteza asilimia 9.1 ya miti, na vile vilivyolipwa asilimia 4.2.

Burundi ina mahali pa kuanzia. Msitu wa Kibira, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 400, umeungana na Nyungwe ya Rwanda juu ya safu inayotenganisha maji ya Kongo na ya Nile. Maji yake hulijaza bwawa la Rwegura, ambalo mitambo yake ya megawati 18 imekuwa nguzo ya umeme wa nchi hii tangu miaka ya 1980. Msitu ukiisha, matope yatajaza bwawa, na mjini taa zitazimika.

Mnunuzi naye anajulikana. REGIDESO ndiyo inayouza maji na umeme, na sehemu kubwa ya maji ya Bujumbura husukumwa kutoka Ziwa Tanganyika, palepale ambapo Ntahangwa humwaga udongo wake. Viwanda vinavyotumia maji mengi navyo viko hapa hapa. Nyongeza ndogo kwenye ankara za watumiaji wakubwa, ikiwekwa katika mfuko wake wenyewe, ingeweza kuwafikia wakulima wa Mirwa na majirani wa Kibira.

Lakini yapo mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, mwenye kipato kidogo anayechota maji kwa ndoo asibebeshwe mzigo wa mwenye kiwanda. Pili, fedha zikipita kwenye ofisi nyingi, mkulima atapata salamu tu. Kila kijiji kijue kiasi kilichotoka na aliyekipokea. Tatu, malipo yakifuata hati za ardhi pekee, Batwa watakosa. Hao waliishi kwa kutegemea Kibira kabla haijawa hifadhi ya taifa, na wengi hawana shamba la kuonyesha. Kazi ya kulinda msitu na kutunza miche iwe na ujira wao pia.

Suala hili pia halina mpaka. Ziwa Tanganyika ni la Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, na mamlaka yake ya pamoja ina makao hapa Bujumbura. Huko Rwanda, asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa jamii zinazopakana nazo. Msitu ni mmoja, lakini jirani wa upande huu na jirani wa upande ule hawapati sawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki inayojadili ushuru wa bidhaa ingeweza pia kujadili bei ya maji safi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bujumbura tayari inajenga kuta kwenye kingo za Ntahangwa, na kila msimu wa mvua mto unazijaribu. Gharama hiyo inalipwa kila mwaka. Ingefaa sehemu yake ipande mlimani, kwa mwenye jembe, kabla maji hayajashuka.