Fahamu: Kwa nini sekunde 27 kwenye kivuko cha reli ni chache mno

Katika vivuko vya reli vya Uingereza vyenye geti linaloziba nusu ya barabara, taa huwaka sekunde zisizopungua 27 kabla ya treni kufika. Dereva aliyechelewa kazini huona muda huo unatosha, akapinda na kulizunguka geti. Hesabu inampinga: treni ya kilomita 160 kwa saa humaliza kilomita 1.2 katika sekunde hizo, na hata breki zikifungwa zote huhitaji kilomita moja au zaidi kusimama. Mwingine husubiri treni ipite, kisha anaondoka taa zikiwa bado zinametameta, bila kufikiria treni ya pili kutoka upande wa pili.

Wapo wanaosema dereva kama huyo anahatarisha roho yake tu. Lakini Novemba 6, 2004, huko Ufton Nervet, Berkshire, gari moja dogo lilisababisha treni ya mwendo kasi iache njia. Watu 7 walikufa, 5 kati yao abiria. Dereva wa gari hilo alilisimamisha relini kwa makusudi, kisa tofauti kabisa, lakini kilichoitoa treni relini ni gari, si nia. Hoja nzito zaidi ya wanaomtetea ni kwamba taa nazo huharibika. Kweli, lakini mfumo umeundwa ufunge barabara unapopata hitilafu. Ndiyo maana huwekwa simu kando ya kivuko ili dereva amuulize mwongoza treni. Hata hivyo, adhabu na mabango havimalizi haraka za watu. Tiba ya uhakika ni kuondoa kivuko chenyewe: Ufton Nervet ilipata daraja mwaka 2016, na kivuko kikafungwa.