Akaunti ya Wawili Kabla ya Mtoto

Tuseme mmoja ni mama ntilie wa Mbagala, mwenzake anaendesha bodaboda, na mimba imefika miezi sita. Mahari haijatolewa, wanaishi kwa mtindo wa "sogea tukae". Kila jioni dereva humtumia mwenzake kwa simu chochote kilichobaki baada ya mafuta na hesabu ya bosi, maana mwanamke ndiye mtunzaji. Mpango mzuri, mpaka uchungu uanze saa nane za usiku. Mama yuko leba, namba ya siri anaijua peke yake, na muuguzi anamtuma baba akanunue glovu, pamba na nyuzi. Laini husajiliwa kwa alama za vidole za mtu mmoja, hata kama jasho lililomo ni la wawili.

Benki inaweza kuwaandika wote, na wengi hushangaa kusikia kwamba haihitaji cheti cha ndoa. Akaunti ya pamoja hufunguliwa hata na ndugu au washirika wa biashara. Kila mmoja huja na kitambulisho chake cha NIDA na picha, akaweka sahihi. Benki nyingine huongeza barua ya serikali ya mtaa.

Kazi kubwa iko kwenye sehemu ya fomu inayouliza nani ataidhinisha pesa kutoka. Wakichagua "yeyote kati yetu", baba anaweza kutoa pesa za leba bila kumwamsha mtu. Anaweza pia kuzimaliza zote Ijumaa moja, na benki haitakuwa na kosa, kwa kuwa ndivyo walivyoiagiza. Wakichagua "wote wawili", hakuna wa kumzidi mwenzake ujanja, ila kwa kawaida kadi ya ATM hawapati, na mama aliyelazwa hawezi kwenda dirishani kusaini. Wanaoweza kumudu makato hufungua mbili: ndogo ya kujifungulia, ambayo yeyote anatoa, na kubwa ya kiwanja, inayotaka sahihi zote.

Wakiachana je? Kwa wanandoa, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 huchukulia kwamba mali yenye majina ya wote wawili ni ya nusu kwa nusu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wasiofunga ndoa wana kifungu cha 160: waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Wapenzi wenye mwaka mmoja na mimba hawajafika hapo.

Kinachobaki kwao ni ushahidi wa nani aliweka nini. Kenya, Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walioishi pamoja miaka mingi Nairobi. Ilikataa kwamba palikuwa na ndoa, lakini haikumwacha yeyote mikono mitupu: iligawa mali yao asilimia 70 kwa 30, ikipima mchango wa kila mmoja. Taarifa ya akaunti inayoonyesha nani aliingiza shilingi ngapi ina uzito kuliko shangazi wa kuitwa shahidi.

Kifo ni kigumu zaidi. Fomu isiposema kwamba aliyebaki ataendelea na akaunti, benki inaweza kuizuia hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi huyo mara nyingi ni kaka wa marehemu, si mpenzi wake. Swali hilo liulizwe siku ileile ya kufungua, hata kama linaonekana la nuksi mbele ya tumbo la miezi sita.

Matunzo ya mtoto hayategemei lolote kati ya hayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabana wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Akaunti ya jina lake mwenyewe itasubiri cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, kwa hiyo haiwezi kufunguliwa akiwa tumboni.