Programu Inapokipokea Cheti Kilichofutwa

Akina mama wachuuzi wa Gisenyi, Rwanda, huvuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma, nchini Kongo, na nyanya, vitunguu na maziwa yao. Afisa wa uhamiaji anayepokea hati ya kila mmoja wao ana maswali mawili: je, kweli imetolewa na serikali? Na je, haijafutwa tangu itolewe? La kwanza hati yenyewe hulijibu. La pili haiwezi, hata uigeuze mara ngapi. Lazima orodha iangaliwe mahali pengine.

Pasipoti za kielektroniki, ambazo Rwanda ilianza kuzitoa Juni 2019, zina swali hilohilo ndani ya chipu. Taarifa zilizomo zimetiwa saini ya kidijitali, na kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, zinaitaka kila nchi kutoa orodha ya vyeti vyake vya kusainia vilivyofutwa angalau kila siku 90, hata kama hakuna kilichofutwa.

Intaneti haikuwa makini kiasi hicho. Mkazi wa Gisenyi akifungua tovuti ya benki kwa simu, seva huitumia simu cheti kilichosainiwa na kampuni inayoaminika. Ufunguo wa siri wa seva ukiibiwa, kampuni hukifuta cheti hicho. Lakini mwizi bado anaweza kukitumia: saini ni sahihi, na muda wake haujaisha. Simu isipouliza, hudanganyika.

Mwaka 1999 ilichapishwa itifaki iitwayo OCSP, inayokiwezesha kivinjari kumuuliza mtoa cheti papo hapo. Kasoro ilikuwa kwenye kinachofuata jibu lisipopatikana: vivinjari vingi viliendelea tu, kana kwamba cheti ni kizima. Mwaka 2009 mtafiti Mmarekani, Moxie Marlinspike, aliuanika udhaifu huo kwa tarakimu moja. Katika OCSP, jibu namba 3 maana yake ni “jaribu baadaye”, na halina saini. Yeyote aliyekaa katikati ya mawasiliano, tuseme kwenye Wi-Fi ya hoteli kando ya Ziwa Kivu, angeweza kulighushi, na programu ikaendelea bila onyo.

Waliochagua kivinjari kiendelee hivyo hawakuwa wazembe. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya, Rwanda na kwingineko. Kivinjari kinachogoma kila kinapokosa jibu kingewafungia watu huduma zao siku kama hiyo. Hata hivyo, mwenye uwezo wa kuingilia mawasiliano yako ndiye huyohuyo anayeweza kulizuia swali lisifike. Dhidi yake, ukaguzi unaoridhika na ukimya ni bure kabisa.

Wakati mwingine hata jibu likifika halisomwi vizuri. Desemba 2020 watunzaji wa curl, programu inayosafirisha data ndani ya simu, magari na televisheni nyingi duniani, walitangaza kwamba ilikuwa inapokea jibu la OCSP bila kuhakikisha linahusu cheti kile kilichoulizwa. Jibu halali la cheti kingine lilitosha. Kosa hilo lilikuwamo tangu toleo la 7.41.0 la mwaka 2015, na likarekebishwa katika 7.74.0.

Madhara ya cheti kibaya kuaminiwa si ya kufikirika. Mwaka 2011 kampuni ya vyeti ya Uholanzi, DigiNotar, ilidukuliwa, na cheti bandia cha Google kikatumika kuwapeleleza watu nchini Iran. Kufuta cheti hakukutosha. Watengenezaji wa vivinjari walilazimika kutoa matoleo mapya yanayoikataa kampuni nzima, nayo ikafilisika mwezi Septemba mwaka huohuo.

Sasa mwelekeo umebadilika. Let's Encrypt, mojawapo ya watoa vyeti vya tovuti, ilizima huduma yake ya OCSP Agosti 2025. Vivinjari vinazidi kupakua orodha za vyeti vilivyofutwa na kuzihifadhi ndani ya kifaa, na kuanzia Machi 2029 cheti cha tovuti hakitaruhusiwa kudumu zaidi ya siku 47. Kwa mji kama Gisenyi, ambao mtandao wake unategemea nyaya za mbali, huu ni mpango bora zaidi: ukaguzi hausubiri jibu la seva iliyo ng'ambo.

Lakini orodha iliyomo kwenye kifaa hupitwa na wakati kifaa kisiposasishwa. Anayenunua simu ya mtumba, kabla ya kuingiza namba ya siri ya benki, asasishe kwanza mfumo na kivinjari. Na simu isiyokubali tena masasisho asiitumie kwa mambo ya fedha.