Mtoto Mdogo Awekwe Kifuani Mara Moja

Sisi watu wa Kinna tumezoea jua kali, kwa hiyo tunadhani mtoto mchanga hapa hawezi kushikwa na baridi. Anashikwa. Anazaliwa akiwa amelowa, na yule aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Baridi hiyo yaweza kumuua hata mchana.

Basi mpanguseni vizuri, mvikeni kofia na nepi tu, awekwe wima kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kisha afungwe kwa leso. Uso uelekee upande, pua iwe wazi. Anyonye papo hapo. Mama akichoka, baba au nyanya ambebe vivyo hivyo. Njia hii inaitwa ya kangaruu. (Ni mnyama wa Australia, hata Meru Park hayupo!)

Zamani wauguzi walifundishwa kungoja mpaka mtoto apate nguvu kwanza. Mwaka wa 2021 utafiti wa WHO katika hospitali za Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha vingine. Watoto walikuwa 3,211, wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Katika kila 100 waliongojeshwa, karibu 16 walikufa kabla ya mwezi kwisha. Waliowekwa kifuani mara moja, 12.

Lakini hospitali ni lazima. Vikundi, wekeni akiba ya gari mapema, na njiani mtoto asafiri kifuani. Asiponyonya, akipumua mbio au miguu ikiwa baridi, msingoje kuche.