Safina ya Kariba

Tangu utoto twaijua habari ya Noe: maji yalipanda, wanyama wakaingia safinani, wakaokoka. Lakini gharika ya Noe ilikauka, na nchi ikaonekana tena. Maji ya Kariba hayakuondoka.

Mwezi wa Desemba 1958 mto Zambezi, upitao kati ya Zambia na Zimbabwe (wakati ule ziliitwa Rodezia), ulizibwa kwa ukuta wa saruji wenye kimo cha meta 128. Umeme ulitakiwa, hasa kwa migodi ya shaba iliyo jirani na Katanga yetu. Watonga wapata 57,000 walihamishwa kutoka mashamba ya baba zao. Wanyama hawakuambiwa neno. Maji yakapanda siku kwa siku, vilima vikawa visiwa, na juu yake swala, ngiri, nyani na vifaru wakabanana, wakila majani na magome hata yakaisha.

Ndipo Bwana Rupert Fothergill, mlinzi wa wanyama, na wenzake, weusi kwa weupe, wakashika mashua. Kamba ngumu zilikata miguu ya wanyama. Basi wakasuka kamba laini kwa soksi za nailoni walizotoa wanawake. Twaweza kucheka, lakini swala wengi walivushwa hivyo bila jeraha. Kwa kifaru soksi hazikutosha: alipigwa sindano ya kumlevya, akalazwa juu ya chelezo, akavutwa mpaka ng'ambo. Kufika mwaka 1964 walikuwa wameokoa wanyama zaidi ya 6,000, na kati yao vifaru weusi zaidi ya 40. Wengi walipelekwa Matusadona, kusini mwa ziwa.

Kazi njema kabisa. Lakini malisho hayapakiwi katika mashua. Kingo za Zambezi zilikuwa ghala ya wanyama: nchi ya juu ilipokauka wakati wa kiangazi, walishukia vichaka vibichi vya mtoni. Ghala hiyo ilizama pamoja na bonde lote, zaidi ya kilometa za mraba 5,000. Nao waliovushwa waliwakuta wengine huko, wenye njaa ileile. Baadaye nyasi mpya ziliota ufukoni mwa ziwa, na nyati wakanenepa. Kifaru mweusi hakufaidi sana. Mdomo wake wenye ncha umeumbwa kwa kuchuma matawi, na vichaka vya mtoni vilikuwa chini ya maji.

Kisha wakaja majangili. Inakadiriwa kwamba mwaka 1960 Afrika ilikuwa na vifaru weusi 100,000. Mwaka 1995 hawakufika 2,500. Hapo tusilisingizie bwawa: waliuawa kwa ajili ya pembe zao. Ila bwawa lilikuwa limekwisha kuwanyima wale wa Zambezi makimbilio yao ya kale. Hata leo, karibu na ufuko wa Matusadona, miti iliyokufa yasimama ndani ya maji, mikavu na myeupe, nao ndege hutua juu yake.